Mkono wa Mzee Lemayian Ndani ya Kompyuta

Mmenipigia tena. Safari hii alikuwa kijana mpole, akanisalimia vizuri, akaniuliza habari za magoti, kisha akaingia kwenye lile swali lenu. "Mama Mutua, ule mkono wa kupima mwanga uko na shida. Kidole cha pili haina ncha. Si turekebishe tu?" Nikamwambia asiguse kitu mpaka anisikie tena. Nikakata simu, nikakaa barazani mpaka chai ikapoa.

Nimechoka kulijibu swali hilo kwa simu. Magoti yananiuma, sikio la kushoto limeanza ukaidi, na vumbi la malori ya saruji linaingia hapa kwangu hadi kwenye kopo la sukari. Kwa hivyo nitaandika mara moja tu, ninyi mnaokuja kujifunza kazi kwenye ghala la Kitengela msome, halafu mniache nipumzike. Maelezo yakiwa marefu kuliko swali, mtanisamehe. Ule mkono una mwenyewe, na mimi nina aibu yangu ndani yake.

Kwa asiyewahi kufika pale ghalani, niseme kwanza ni kitu gani. Kuna kamera isiyo na lenzi. Ni chombo cha kubeba begani chenye skrini, na ukitembea nacho, kompyuta inakuonyesha mahali palipotengenezwa humo ndani: ziwa, mlima, soko, chochote. Ukienda mbele, ziwa linakaribia. Ukichuchumaa, unaona mawe. Ukitaka kujua mwanga wa pale umetosha, unauita mkono utokee kwenye skrini, unauweka mahali mwigizaji atakaposimama, kiganja kikitazama kamera, na namba inatokea. Mkono huo ulipigwa picha kutoka kwa mtu. Aliitwa Mzee Lemayian, wa Mashuuru, na ndiye aliyenifundisha kazi.

Kazi ya kamera nimejifunza mara nne. Mara ya kwanza ilikuwa filamu za kuosha kwa dawa, halafu kanda, halafu vile vikadi vidogo vinavyopotea mfukoni, na mwishowe hii kamera yenu ya ghalani. Kila mara niliambiwa kwamba sasa mambo yatakuwa rahisi. Urahisi huo sikuuona. Nilichoona ni vijana wapya wakinieleza kwa sauti ya upole, kama mtu anayemwonyesha mgonjwa choo kilipo. Ninyi pia mtafikia siku yenu, na natumaini watakaowaeleza watakuwa na subira kuliko wangu.

Nilipoanza nilikuwa msaidizi wa Mzee. Nilibeba masanduku, nilifuta vumbi kwenye lenzi, na alipoona nimetulia akaniachia kipima mwanga chake, kidude cha kuenea kiganjani, ndani ya mfuko wa ngozi. Siku moja tulikuwa Magadi, tukiwapiga picha wafanyakazi wa magadi wakitoka zamu. Yeye alikuwa ameitwa getini kuongea na askari kuhusu kibali, akaniambia nipime, nipange lenzi, tuanze. Mnajua Magadi ilivyo. Chini ni weupe mtupu, juu ni jua, na joto linapanda kupitia soli za viatu. Nikaelekeza kipima mwanga mbele, kikaniambia kuna mwanga mwingi ajabu, nami nikafunga lenzi, yaani nikapunguza mwanga unaoingia, kama kilivyosema. Tulipiga asubuhi nzima. Nilijiona fundi.

Filamu ilisafirishwa kuoshwa, ikarudi baada ya wiki kadhaa. Tukakaa kwenye chumba cha kutazamia, mwenye kazi akiwa mstari wa mbele. Ziwa lilipendeza sana. Wafanyakazi walikuwa weusi kama makaa, hakuna hata mmoja mwenye macho wala pua. Mwenye kazi akageuka akauliza hayo ni makosa ya nani. Kabla sijafungua mdomo, Mzee akasema, "Ni yangu. Nilisoma vibaya." Nilitamani sakafu inimeze.

Tulipotoka aliniita ndani ya gari la kazi, akafunga milango.

"Wanza, ulipima nini?" Ni yeye peke yake aliyeniita kwa jina langu la usichana.

"Mwanga, Mzee."

"Ya wapi?"

"Ya pale mbele. Kwa ziwa."

"Sasa ziwa iko na mama? Hao watu wako na mama. Huyo mama ataangalia hii picha akitafuta kijana yake, na wewe umempatia kivuli. Umeharibu, Wanza. Umeharibu kabisa."

Nililia kidogo. Akaniacha nilie, kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto, kiganja juu. Akaniambia nyuso za watu hutofautiana rangi, lakini viganja vinakaribiana sana, awe mtu wa Loitokitok au Mzungu. Kiweke kiganja pale mtu atakaposimama, kipime, halafu ongeza mwanga stopu moja. Stopu ndiyo hatua yetu ya kazi: ukiongeza moja, mwanga unaoingia unakuwa mara mbili, na ukipunguza moja, unabaki nusu. Hapo ndipo nilipokiona vizuri kile kidole. Kilikatwa na mlango wa lori Namanga, mpakani, akiteremsha taa kabla sijaanza kazi kwake. Yeye alipenda kusema nusu ya kidole chake ilivuka mpaka bila karatasi, na kwamba anaidai Tanzania mpaka leo.

Kumbukeni siku hiyo vizuri, kwa sababu mimi niliikumbuka vibaya. Nilichobeba moyoni miaka yote ni kwamba Mzee alinifunika mbele za watu. Yale ya ndani ya gari niliyaacha palepale kwenye kiti.

Sasa tuje ghalani. Miguu yangu ilipokataa kupanda vilima, nilichukuliwa kazi pale Kitengela niwe ninawaeleza watu wa kompyuta jinsi watu wa kamera wanavyofikiri. Kamera ile ilikuwa imetengenezwa na Hafsa, binti ya mwenye duka la nguo karibu na soko, familia yao ilitoka Garissa zamani. Hafsa ana akili inayokimbia na ulimi unaoikimbiza akili. Tulipendana siku ya kwanza kwa sababu aliniletea kiti bila kuambiwa.

Ikaja filamu moja kuhusu mfanyakazi wa Magadi. Mwongozaji alimtaka Mzee Lemayian na si mwingine, kwa sababu hakuna aliyeujua mwanga wa ziwa lile kama yeye. Lakini daktari alikuwa amemkataza Mzee joto. Alikuwa pia ametoka kufanyiwa operesheni ya jicho moja mwaka uliotangulia. Basi tukamletea Magadi Kitengela. Vijana walikuwa wamelipiga picha ziwa zima na kulijenga upya ndani ya kompyuta, hata wale ndege wa ziwani wa rangi ya waridi walikuwemo.

Mzee alifika na koti lake na kofia, akaweka chombo begani, akatazama skrini, akatabasamu. Halafu akashika kipete, ile pete ambayo kwenye lenzi ya kweli ukiizungusha inafungua au kufunga mwanga. Hafsa alikuwa ameweka kipete kizuri, chenye namba za kweli. Mzee akakifunga, kama mtu yeyote angefanya mbele ya weupe ule, na mwanga haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni ukungu wa nyuma tu.

"Hii imekufa," akasema.

"Haijakufa, Mzee," Hafsa akamjibu. "Hapa hiyo inachange blur peke yake. Mwangaza iko kwa slider, hapo chini. Inatoka zero mpaka one."

"Mpaka moja ya nini?"

"One tu. Ni value."

Mzee akaitazama ile namba. Ilikuwa sufuri nukta sita mbili. Akanigeukia. "Kwa hivyo hii ni dirisha, ukifungua unapata upepo lakini mwanga inabaki nje." Sisi wawili tulicheka. Wengine hawakucheka.

Hafsa hakuwa na kiburi. Palepale aliunganisha kipete na ile namba ya mwangaza, ili Mzee asihangaike na kidole kwenye skrini. Lakini alifanya haraka haraka. Kipete kilizunguka bila kukwama popote, laini kama mafuta, na kilizunguka kinyume na lenzi zote alizoshika maishani. Picha ya kwanza ilitoka giza. Ya pili ikaungua, uso wa mwigizaji ukawa karatasi nyeupe. Ya tatu giza tena. Mwongozaji akaanza kutazama saa. Vijana wawili kwenye kompyuta wakacheka kwa chinichini, na mimi nikamwona Mzee akiwaona.

Moyo uliniuma. Tulipopumzika kwa chakula nikamvuta Hafsa kando, karibu na tangi la maji.

"Hakuna kitu ya kufanya hii mashini ijirekebishe yenyewe?"

"Auto iko. Lakini Auntie, nikiweka hiyo, ile ring haifanyi kitu. Akipunguza, mashini inarudisha. Akiongeza, inarudisha."

"Weka."

"Tumwambie?"

"Usimwambie. Ni mzee wetu. Wacha amalize kazi kwa heshima."

Ndivyo nilivyosema, na nilijisikia vizuri. Nilidhani namrudishia wema wa Magadi.

Alasiri ile kila picha ilitoka safi. Mwongozaji akapiga makofi, wale vijana wakanyamaza, nami nikanywa chai mbili. Mzee peke yake hakufurahi. Alikuwa akigeuza kipete kidogo, anatazama, anageuza tena. Picha ilikuwa inafifia kwa kufumba na kufumbua, kisha inarudi ilivyokuwa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wanza, umeona ikipungua?"

"Iko sawa, Mzee."

Siku ya pili akaniuliza tena, na nikamjibu vilevile. Mchana akakifunga kipete mpaka mwisho kabisa. Kwa kamera yoyote ya kweli pangekuwa giza la ndani ya gunia. Skrini ikatikisika kidogo, na ziwa likarudi, jeupe, zuri, na wale ndege wake. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Wanza. Nimefunga. Umeona ikipungua?"

"Iko sawa kabisa, Mzee. Endelea tu."

Akateremsha chombo begani taratibu. Akatoa kipima mwanga mfukoni, pamoja na mfuko wake wa ngozi, akanitia mkononi. "Kaa nayo. Mimi nimeona ya kutosha." Akamuaga mwongozaji kwa adabu, akachukua gari la kwenda Mashuuru. Kazi akapewa mtu mwingine, nami nikajiambia Mzee amechoka, umri umefika, nani hachoki.

Wiki chache baadaye mkewe akanipigia. Sisi sote tunamwita Yeyo, mama, kwa Kimaasai. Akaniuliza nini kilitokea kwa kazi.

"Huyu mtu haendi tena kwa geti asubuhi ng'ombe zikitoka. Anasema macho imeisha. Jana akaniambia hii ni ile nyekundu ya doa kwa tumbo, halafu akaniuliza, ama nimekosea? Na hakukosea! Anataja kila moja sawa, halafu anauliza kama amekosea."

Nilimwambia Yeyo nitakuja. Nikaweka simu mezani na nikajua, bila kuambiwa na mtu, kwamba ni mimi niliyeyafunga macho ya Mzee. Sijawahi kujichukia kama siku ile. Nilikuwa nimesimama kando yake, nimeona picha ikififia na kurudi, na mara tatu nikamwambia hakuna kitu.

Ningekuwa na akili ningepanda gari siku hiyo hiyo. Sikupanda. Nilitaka kwenda na kitu mkononi, niseme tulikosea na hii hapa imetengenezwa. Hilo ni kosa la pili na sitalitetea. Nilimwambia Hafsa kila kitu.

"Auntie, nilisema tumwambie."

"Ulisema."

"Haya. Basi tutengeneze ring isiyodanganya mtu."

Hapa ndipo penye mafunzo yenu, kama mlikuja kutafuta mafunzo. Nilileta lenzi yangu kuukuu kutoka chini ya kitanda, nikamfumba Hafsa macho kwa mtandio wake mwenyewe, nikamwambia azungushe na ahesabu. Ile lenzi inakwama kidogo kila stopu, tik, tik, tik. Alikuwa anabisha wiki nzima kwamba mtu hahitaji vituo ikiwa anaweza kupata namba yoyote. Alipouvua ule mtandio akasema, "Kumbe mkono ndio unahesabu." Ndiyo. Mtu wa kamera jicho lake liko kwenye picha na sikio liko kwa mwongozaji. Kinachobaki kuhesabu ni vidole. Kwa hivyo kipete chenu kinakwama, na kinazunguka upande wa lenzi za kweli, na kila kikikwama mwanga unakuwa nusu au mara mbili, basi.

Halafu tukaunganisha mambo yaliyokuwa yametenganishwa. Ukifunga lenzi, picha iwe kali zaidi na pia iwe giza. Ukiongeza kasi ya kamera kufunga na kufungua, mwendo wa watu uonekane ukikatikakatika na pia iwe giza. Kila unachopata, kuna unachopoteza, na lazima mtu akione akiwa anakipoteza. Hafsa akazima kule kujirekebisha, akawasha mpango mpya, na skrini ikawa nyeusi tititi.

"Tumeharibu," akasema.

Hatukuwa tumeharibu. Jua la wale vijana waliolijenga ziwa ndilo lilikuwa la uongo. Mle ndani walikuwa wameliwasha kwa kukisia, na kule kujirekebisha kukawa kunawasitiri siku zote. Mbele ya lenzi inayofuata sheria, jua lile lilikuwa na nguvu ya balbu ya choo. Basi nikaenda Magadi mwenyewe, na magoti haya, nikasimama saa sita mchana na kipima mwanga cha Mzee, nikaandika namba za juani, za kivulini, za chini ya paa la mabati. Dereva alikataa kushuka garini. Niliporudi Hafsa akalipandisha jua lake mpaka namba za ndani zikakutana na za kwenye daftari langu.

Likabaki la kupimia. Watu wa kompyuta hutumia mpira wa rangi ya kijivu. Nikasema mtu wetu hajawahi kupima mpira, hupima kiganja. Hafsa akapiga picha kiganja chake na kukiweka ndani, na kipimo kikakosea karibu stopu nzima. Tulihangaika siku mbili kutafuta kosa kwenye programu, hadi nilipomshika mkono na kuugeuza. Alikuwa ametoka harusi ya binamu yake, kiganja chote kimejaa hina. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Ndiyo siku pekee niliyocheka katika miezi ile mitatu. Halafu nikasema, najua mkono tunaoutaka, na nikajua pia kwamba siwezi kuahirisha tena.

Mzee alikuwa amekaa upande wa kivuli wa nyumba, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Akanisalimia kwa Kimaasai bila kuinua uso. "Takwenya." Nikamjibu kwa Kimaasai hicho hicho, "Iko." Yeyo akaleta chai ya maziwa matupu, akakaa nasi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakatoroka. Nikasema tu: mashini ilikuwa inarudisha kila ulichofunga, mimi ndiye niliyeagiza iwekwe, ulipopunguza ilipungua, niliona, nikakwambia uongo mara tatu. Nikaweka kipima mwanga chake juu ya kiti.

Yeyo aliinuka akaingia ndani.

"Ulikuwa unanionea huruma," Mzee akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Ungeniambia nimeharibu, ningekasirika hiyo siku moja. Saa hii nimekuwa kipofu miezi tatu." Akainua uso, na macho yale yalikuwa makali kama zamani. "Pale Magadi ulipoharibu, nilikuita kwa gari. Wewe gari haukuwa nayo? Kwa nini hukuniita kwa gari, Wanza?"

Niliomba msamaha. Hakusema amenisamehe, na hakunifukuza. Nilipoondoka kipima mwanga kilikuwa bado juu ya kiti.

Baada ya wiki mbili simu ikalia. "Hiyo kamera yenu ya uongo bado iko?"

Alikuja na Yeyo. Filamu ilikuwa imeshamalizwa bila yeye, kwa hivyo hapakuwa na kazi ya kufanya, wala mwongozaji, wala wa kupiga makofi. Hafsa akampiga picha mkono pande zote. Akafika kwenye kile kidole, akasita, akanitazama mimi. Nikamwambia, "Muulize mwenyewe."

"Mzee, hii kidole nikujazie ncha kwa kompyuta? Haitaonekana."

"Hiyo ilibaki Namanga. Wacha vile iko."

Hilo ndilo jibu la swali lenu. Baadaye alikuja mara nyingi kutufundishia watu, na nyumbani akarudi kusimama getini asubuhi na ng'ombe wake. Alitutoka kiangazi kilichopita. Macho yaliyomsalia aliyatumia mwenyewe mpaka mwisho, kwa raha zake. Kwa hivyo msikijaze kile kidole. Na ile sehemu ya kamera kujirekebisha, Hafsa ameificha mbali kwenye orodha kwa ombi langu. Mkiiwasha, mwambieni aliyebeba kamera kwamba mmeiwasha, hata kama ni mkubwa wenu, hata kama ataona haya. Mwiteni kando mumwambie.

Nimalizie na siku ile, kisha nikalale. Mkono ulipokuwa tayari, Mzee akaweka chombo begani. Ziwa lilikuwa mbele yake, weupe ule wote, na mfanyakazi wa magadi aliyetengenezwa ndani ya kompyuta amesimama katikati akingoja. Mzee akauita mkono wake mwenyewe, akautazama ukielea juu ya magadi na kidole chake kifupi, akaguna. Akapima. Akakipeleka kipete bila kukitazama, tik, tik, mpaka uso wa yule mtu ukatokea, na macho, na pua. Pale ningedhani ametosheka. Yeye akashika pumzi na kukifunga kipete mpaka mwisho, kama alivyokifunga siku ile. Ndege wakazimika, ziwa likazimika, yule mtu akazimika. Tukabaki tunatazama skrini nyeusi, na hakuna kilichorudi.

"Wanza," akasema. "Umeona ikipungua?"

"Nimeona, Mzee. Ni giza tupu. Umeharibu kabisa."

Akacheka, machozi yakishuka chini ya miwani, akamwita Yeyo aje aone alivyoharibu.